Amri, Hukumu na Rufaa: Kazi ya Jaji Augustino Ramadhani na Lugha ya Haki ya Kijeshi Nchini Tanzania

1.0 Utangulizi

Wataalamu wa isimu-jamii wameandika mengi kuhusu Kiswahili cha mahakamani, hususan kile cha mahakama za mwanzo, lakini Kiswahili cha mahakama za kijeshi kimeachwa pembeni. Sababu yake inaeleweka. Milango ya mahakama hizo haifunguliwi ovyo, na kumbukumbu zake hazikai katika rafu za maktaba kama zilivyo ripoti za kesi za kiraia. Makala hii inalikabili suala hilo kwa njia ya mzunguko, yaani kupitia maisha ya kazi ya hayati Jaji Augustino Ramadhani (1945–2020), ambaye kwa miaka mingi alikuwa ofisa wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania na wakati huohuo jaji wa mahakama za juu kabisa nchini.

Mifano ya lugha imechukuliwa katika mazingira ya Nyanda za Juu Kusini, mikoa ya Iringa na Mbeya. Huko ziko kambi za Jeshi la Kujenga Taifa za Mafinga na Itende, ambamo vijana hukutana kwa mara ya kwanza na Kiswahili cha amri. Na huko pia Mahakama ya Rufani hufunga safari kutoka Dar es Salaam kwenda kufanya vikao vyake, Mbeya na Iringa. Hoja inayotetewa ni kwamba rufaa ya askari, kabla haijawa suala la sheria, ni suala la tafsiri. Jaji anayeisikiliza hupokea maneno yaliyokwisha kuvuka mipaka miwili: kutoka lugha ya amri kwenda lugha ya ushahidi, kisha kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Kinachopotea njiani chaweza kuwa uhuru wa mtu.

2.0 Kutoka Lilinga hadi Lugalo

Jina la Iringa lenyewe ni la kijeshi. Limetokana na neno la Kihehe lilinga, lenye maana ya ngome, ambalo wageni walilisikia na kulitamka kwa namna yao. Tarehe 17 Agosti 1891, mahali panapoitwa Lugalo karibu na mji wa Iringa wa leo, wapiganaji wa Mkwawa waliushambulia msafara wa Wajerumani ulioongozwa na Emil von Zelewski na kumwua yeye pamoja na sehemu kubwa ya askari wake. Zaidi ya miaka 70 baadaye jina hilo la porini Uhehe lilihamia Dar es Salaam. Kambi iliyokuwa ikiitwa Colito, kwa ukumbusho wa mapigano ya mwaka 1941 huko Ethiopia ambamo askari wa King's African Rifles walishiriki, ilibadilishwa jina ikawa Lugalo.

Mabadiliko hayo ya jina yalikuja baada ya aibu. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito waliasi wakidai nyongeza ya mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Maasi yalienea Tabora na Nachingwea, nayo yalizimwa tarehe 25 Januari kwa msaada wa makomandoo wa Uingereza. Jeshi lile lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo likazaliwa Jeshi la Wananchi. Viongozi wa maasi walishtakiwa mbele ya mahakama maalumu ya kijeshi iliyoongozwa na Jaji Mkuu wa wakati huo, Sir Ralph Windham. Sajini Francis Hingo Ilogi alihukumiwa kifungo cha miaka 15. Wengine walipata vifungo vifupi zaidi. Mwalimu Nyerere hakuficha kwamba aliziona adhabu hizo kuwa ndogo, lakini aliziacha kama zilivyotolewa. Kwa mtafiti wa sheria za kijeshi uamuzi huo wa kuziacha una uzito kuliko hukumu yenyewe. Dola changa iliyotoka kuponea chupuchupu ilikubali kwamba neno la mwisho kuhusu askari walioiasi si la amiri jeshi bali ni la mahakama.

Sheria ya Ulinzi wa Taifa ilitungwa mwaka 1966, ikiwa Sheria Namba 24 ya mwaka huo. Ndiyo iliyoweka utaratibu wa makosa ya kijeshi, mamlaka ya makamanda kusikiliza makosa madogo, mahakama za kijeshi kwa makosa makubwa, na juu yake mahakama ya rufaa ya kijeshi. Kati ya mwaka 1965 na 1970 wakufunzi wa kijeshi kutoka Kanada walikuwa nchini, na jina ambalo sheria hiyo imezipa kanuni zake za nidhamu ya utumishi ni lilelile lililomo katika sheria ya ulinzi ya Kanada ya mwaka 1950. Kwa hiyo Kiingereza cha waandishi wa sheria kililetwa kutawala kambi ambazo lugha yake ya kila siku, tangu enzi za askari wa Kijerumani na kile Kiswahili cha kambini kilichoitwa KiKAR, haikuwahi kuwa nyingine ila Kiswahili.

3.0 Jaji wa Rufaa za Kijeshi ni Nani?

Katika mila za kale za majeshi ya Ulaya, hukumu ya mahakama ya kijeshi haikukatiwa rufaa. Ilithibitishwa au kupunguzwa na jemadari, basi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ambamo mamilioni ya raia wa kawaida walivaa sare na kuonja haki ya kijeshi, mambo yalibadilika. Uingereza ilitunga sheria ya rufaa za kijeshi mwaka 1951. Marekani, mwaka huohuo, ilianza kuendesha mahakama ya rufaa za kijeshi yenye majaji raia watatu. Tangu hapo kazi hii imekuwa ya watu wanaofahamu pande zote mbili. James E. Baker, kwa mfano, alikuwa mshauri wa sheria wa Baraza la Usalama la Taifa la Marekani kabla ya kuingia katika mahakama hiyo mwaka 2000.

Afrika Mashariki imefuata njia mbalimbali. Nchini Kenya rufaa kutoka mahakama ya kijeshi huenda Mahakama Kuu ya kiraia, na ndiko baadhi ya askari waliohukumiwa baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982 walikokimbilia. Nchini Uganda mahakama za kijeshi zilifikia hatua ya kuwahukumu hata raia, mpaka Mahakama ya Juu ilipoamua tarehe 31 Januari 2025 kwamba jambo hilo halikubaliki kikatiba. Bunge la huko likajibu mwezi Mei mwaka huohuo kwa kupitisha marekebisho yanayofungua tena mlango huo katika mazingira fulani. Ugomvi huo wa Uganda, kwa bahati, unahusu jeshi ambalo nalo lugha yake ni Kiswahili.

Tanzania imekuwa na tabia ya kupeleka kesi zake nzito za usalama wa taifa katika mahakama za kawaida, hata pale washtakiwa wanapokuwa wanajeshi. Kesi ya uhaini iliyoanza mwaka 1970, ambamo Bibi Titi Mohamed alishtakiwa pamoja na maofisa wa jeshi, ilisikilizwa na Mahakama Kuu mbele ya Jaji Mkuu Telford Georges. Vivyo hivyo kesi ya waliotuhumiwa kupanga mapinduzi ya Januari 1983, ambao tisa kati yao walihukumiwa kifungo cha maisha mwishoni mwa mwaka 1985. Iringa nayo ina mfano wake, ingawa haukuhusu mwanajeshi. Mkulima Said Mwamwindi alipomwua Mkuu wa Mkoa, Dkt. Wilbert Kleruu, huko Isimani siku ya Krismasi ya mwaka 1971, akaipeleka maiti mwenyewe kwa gari hadi kituo cha polisi, serikali ilikuwa na kila kishawishi cha kuunda baraza maalumu. Badala yake alishtakiwa kwa kosa la kawaida la mauaji katika Mahakama Kuu. Utetezi wake uligusa maneno: kwamba alitukanwa hata akashikwa na ghadhabu. Alitiwa hatiani na kunyongwa. Jambo la kuzingatiwa na mwanaisimu ni kwamba tusi, ambalo uzito wake wote umo katika lugha lililotamkwa na katika utamaduni wa aliyelisikia, lilipimwa katika kumbukumbu iliyoandikwa kwa Kiingereza.

4.0 Sare na Joho

Augustino Ramadhani alizaliwa Zanzibar tarehe 28 Desemba 1945. Alihitimu shahada ya sheria Dar es Salaam mwaka 1970, mwaka uleule chuo kilipoacha kuwa tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki na kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aliingia jeshini akiwa mwanasheria kijana na alistaafu mwaka 1997 akiwa na cheo cha Brigedia Jenerali. Katika kipindi hichohicho alikuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar katika muongo wa 1980, na mwaka 1989 akateuliwa kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Alikuwa jaji wa Mahakama ya Afrika Mashariki kuanzia mwaka 2001, Jaji Mkuu wa Tanzania kuanzia mwaka 2007 hadi 2010, kisha jaji wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu yenye makao yake Arusha, ambayo alikuwa Rais wake kuanzia mwaka 2014 hadi 2016. Alifariki dunia tarehe 28 Aprili 2020.

Orodha hiyo ya vyeo, kwa kuisoma harakaharaka, inazua swali gumu. Mtu aliye chini ya amri atawezaje kuwa huru katika hukumu? Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua mwaka 1992 kwamba mahakama ya kijeshi ya nchi hiyo, kwa muundo iliokuwa nao, haikuwa na uhuru wa kutosha. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikasema kama hivyo kuhusu Uingereza mwaka 1997. Jawabu kuhusu Ramadhani haliwezi kupatikana katika vyeo vyake bali katika hukumu zake, nazo zitajadiliwa katika sehemu ya 6.0. Kabla ya hapo ni lazima ieleweke lugha ambayo mwanasheria wa jeshi huishi ndani yake.

5.0 Sentensi ya Amri na Sentensi ya Ushahidi

5.1 Muundo wa amri

Amri za paredi za Kiswahili zina sarufi yake. Katika Kiswahili cha kawaida husemwa geuka kulia, kitenzi kikitangulia kielezi. Uwanjani husemwa kulia geuka, nyuma geuka, mbele tembea. Mpinduko huu haukuja kwa pambo. Neno la kwanza humpa askari tahadhari na mwelekeo. Kitenzi huja mwisho, baada ya kituo, na silabi yake ndiyo saa ya kutenda. Laiti kitenzi kingetangulia, nusu ya kombania ingekwisha kugeuka kabla ya kujua inageukia upande gani. Mguu sawa na mguu pande zimekwenda mbali zaidi: hazina kitenzi kabisa. Amri haina nafsi ya msemaji, haina njeo, wala haina neno la adabu. Hata jibu lake, afande, ni neno la Kituruki lililopita Misri na Sudani kabla ya kufika kambini Afrika Mashariki.

Mambo huwa tofauti pale amri inapotoka uwanja wa paredi na kuingia katika maisha ya kambi. Huko hutolewa kwa kitenzi chenye kiishio -e, na hapo ndipo matatizo ya mahakamani huanzia:

(1) Afande alisema niende lindoni.

Kiambishi hicho cha mwisho hubeba amri, ombi, ushauri na ruhusa kwa pamoja. Msikilizaji hujua ipi ni ipi kwa sauti, cheo na mazingira. Anayeiandika sentensi (1) kwa Kiingereza hana anasa hiyo. Hana budi kuchagua kitenzi kimoja kati ya kuambia, kuomba na kuamuru, na kwa kuchagua tayari amekwisha amua nusu ya kesi, maana kosa la kutotii huhitaji kwanza kuwepo kwa amri.

Tena si amri yoyote, bali amri halali. Katika maongezi ya kila siku neno halali husimama mkabala na haramu, likiwa na harufu ya dini na usafi wa dhamiri. Katika sheria ya kijeshi lina maana finyu zaidi: amri iliyotolewa na mwenye mamlaka, inayohusu wajibu wa utumishi, na ambayo si kosa kwa sura yake. Askari akiulizwa kama amri aliyopewa ilikuwa halali, huenda akajibu swali la dhamiri wakati aliulizwa swali la mamlaka.

5.2 Kiambishi -ja-

Uchukuliwe mfano wa kubuni wa askari katika kikosi kimoja cha Mbeya aliyeshtakiwa kwa kukataa kwenda lindo. Alipoulizwa na sajini, huenda alitamka moja kati ya kauli hizi tatu:

(2) Siendi.
(3) Sikuenda.
(4) Sijaenda.

Kwa mzawa wa lugha tofauti ni kubwa mno. Kauli (2) ni ukaidi wa wazi. Kauli (3) ni taarifa ya jambo lililokwisha. Kauli (4) hukiri kwamba tendo halijafanyika, lakini huacha mlango wazi: -ja- hubeba tazamio kwamba litafanyika. Askari aliyesema sijaenda hakukataa, amechelewa. Kati ya kukataa na kuchelewa pana umbali wa miaka ya kifungo. Kiingereza kinaweza kulieleza tazamio hilo kwa kuongeza neno, lakini karani mwenye haraka huliacha, na kauli (3) na (4) hutokea katika kumbukumbu zikiwa zimefanana kama mapacha. Jaji wa rufaa, ambaye hamwoni shahidi wala hasikii sauti yake, husoma hicho tu kilichoandikwa.

5.3 Kutoroka

Mfano mwingine wa kubuni unahusu misiba. Kwa Wanyakyusa wa Rungwe na Kyela mazishi ni wajibu usioahirishwa. Monica Wilson aliandika kwa urefu kuhusu ibada hizo katika kitabu chake cha mwaka 1957. Askari aliyepata habari za kifo jioni, akakosa ruhusa, akaondoka usiku, atasema:

(5) Nilitoroka nikaenda kuzika nikarudi.

Katika Kiswahili cha kawaida kutoroka ni kuondoka bila kuonekana. Mwanafunzi hutoroka shule saa nne na saa sita yumo darasani. Katika sheria za kijeshi kutoroka ni kosa zito ambalo kiini chake ni nia ya kutorudi, na hutofautishwa na kosa dogo la kutokuwepo kazini bila ruhusa. Askari huyu, kwa kinywa chake, amelikiri kosa kubwa kwa jina huku akilikanusha kwa sarufi. Kiambishi -ka- katika nikaenda na nikarudi hufunga matendo yote matatu katika mnyororo mmoja: kuondoka, kuzika, kurejea. Utetezi wake wote umo katika neno nikarudi. Ikiwa mwandishi wa maelezo aliishia kwenye kitenzi cha kwanza, akaona ungamo limekamilika na kufunga kalamu, hakuna rufaa itakayomwokoa mpaka apatikane mtu wa kuuliza neno hasa lililosemwa.

Ndiyo maana mwanasheria aliyelelewa kambini ana faida ambayo haipatikani vitabuni. Anajua kwamba kutoroka kwa askari wa kawaida si kutoroka kwa sheria. Anajua pia upande wa pili: kwamba kikosi ambacho kila mtu huondoka kwa hesabu yake mwenyewe si kikosi tena, na kwamba kamanda aliyekosa watu lindoni hana nafasi ya kusubiri uchambuzi wa viambishi.

6.0 Hukumu Mbili

Hukumu mbili za Ramadhani zinafaa kusomwa pamoja. Ya kwanza ni ya rufani ya Mbushuu na mwenzake, iliyotolewa mwaka 1995. Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu alikuwa ameamua mwaka 1994 kwamba adhabu ya kifo inakiuka Katiba. Ramadhani, akiandika kwa niaba ya jopo la majaji watatu, alikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili, inatesa na inadhalilisha utu wa mtu. Hata hivyo Mahakama iliona kwamba Katiba yenyewe, katika ibara ya 30, inaruhusu sheria inayobana haki kwa manufaa ya umma, na kwamba ni juu ya jamii kuamua kama adhabu hiyo iendelee. Wengi waliikosoa. Yafaa kukiri kwamba hoja yake si rahisi kumeza: jambo limetamkwa kuwa la kikatili, kisha likaachwa liendelee. Lakini msomaji wa lugha ataona kitu ambacho wakosoaji hawakukipa uzito. Hukumu haikujaribu kulifanya neno ukatili lipungue makali ili matokeo yakubalike. Iliacha neno na maana yake, ikabeba lawama ya matokeo.

Ya pili ina mizizi yake Nyanda za Juu Kusini. Mchungaji Christopher Mtikila, mzaliwa wa Ludewa, wilaya iliyokuwa ya Mkoa wa Iringa kabla ya kuundwa kwa Mkoa wa Njombe mwaka 2012, alidai mahakamani haki ya raia kugombea uongozi bila kupitia chama cha siasa. Alishinda katika Mahakama Kuu zaidi ya mara moja. Serikali ilikata rufani, na tarehe 17 Juni 2010 jopo la majaji saba chini ya Jaji Mkuu Ramadhani likaamua kwamba mahakama haina uwezo wa kuibatilisha ibara ya Katiba. Suala la mgombea binafsi ni la Bunge. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ilimpa Mtikila ushindi dhidi ya Tanzania. Ramadhani, ambaye wakati huo alikuwa jaji wa mahakama hiyohiyo, hakuketi katika shauri hilo, kwa kuwa kanuni zinamzuia jaji kusikiliza kesi ya nchi yake.

Katika hukumu zote mbili pana mwelekeo mmoja, nao unaweza kuelezwa kwa lugha ya kambini bila kuupotosha: kujua mpaka wa eneo la ulinzi wako. Mwanajeshi hufundishwa kwamba silaha aliyopewa si idhini ya kwenda popote. Wapo watakaosema kwamba hapa sare ilimzidi nguvu joho, na kwamba jaji jasiri zaidi angevuka. Tafsiri hiyo ina hoja, hasa kuhusu kesi ya Mtikila, ambamo mahakama ya nje ilikuja kuona uvunjaji wa haki ambao mahakama ya ndani ilijiona haina mkono wa kuufikia. Lakini haielezi hukumu ya Mbushuu, ambayo mtu mwenye nia ya kuifurahisha dola angeiandika kwa namna nyingine kabisa, akianza na kukanusha ukatili. Maelezo yanayotosha zaidi ni kwamba Ramadhani alikuwa msomaji wa matini aliyekataa kuyapa maneno kazi ambayo hayakupewa na mtunzi wake. Kwa mrufani aliye mahututi kisheria tabia hiyo huweza kuonekana ya baridi. Kwa askari wa mfano (4), anayehitaji jaji atakayetofautisha sijaenda na siendi, hiyohiyo ndiyo tabia itakayomrudisha nyumbani.

Katika uwanja wa usalama wa taifa ugumu wa maneno ulijitokeza pia mwaka 2000, Mahakama ya Rufani, ambayo Ramadhani alikuwa mmoja wa majaji wake, ilipotoa uamuzi katika shauri la Machano Khamis Ali na wenzake 17. Wafuasi hao wa upinzani walishtakiwa kwa uhaini dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Mahakama ilisema uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Zanzibar kwa kuwa si dola yenye mamlaka kamili ya kimataifa. Neno moja lilichunguzwa hadi kwenye mzizi wake, na mashtaka yote yakakosa pa kusimama.

7.0 Lugha ya Kumbukumbu

Mwaka 2012 Ramadhani aliteuliwa kuwa Makamu Mwenyekiti wa Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Joseph Warioba. Tume ilizunguka nchi nzima, Mbeya na Iringa zikiwamo, ikipokea maoni kwa Kiswahili, na rasimu yake iliandikwa kwa Kiswahili. Jambo hilo halikustaajabisha mtu yeyote, na kutostaajabisha huko ndiko kunakostahili kutajwa. Nchi ilikuwa na uwezo wa kuandika sheria yake kuu kwa lugha yake, huku kumbukumbu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zikiendelea kuandikwa kwa Kiingereza hata pale kila mtu chumbani alipozungumza Kiswahili.

Kisingizio cha istilahi kimetolewa mara nyingi. A. B. Weston, mkuu wa kwanza wa Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilichofunguliwa mwaka 1961, alishughulikia istilahi za sheria za Kiswahili mapema, na kazi haikusimama baada yake. Matatizo yaliyobaki si ya uhaba bali ya wingi usiopangwa. Neno la msingi kabisa la mada hii ni ushahidi: Mahakama yenyewe hujiita ya Rufani, ilhali magazeti na watu wengi husema rufaa, na Kenya imeshika rufaa hadi katika sheria. Maumbo yote mawili yanarejea kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuinua, nayo hayajamzuia mtu yeyote kudai haki yake. Hatari zaidi ni maneno kama kutoroka na halali, ambayo yana umbo moja na maana mbili, na ambayo hakuna anayeyatilia shaka kwa sababu kila mtu anadhani anayajua.

Sheria Namba 1 ya mwaka 2021 ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, mabaraza na vyombo vingine vya utoaji haki, ikiruhusu Kiingereza pale maslahi ya haki yanapohitaji hivyo. Kwa raia wa Mufindi au Mbozi mabadiliko hayo yana maana ya kusoma hukumu yake mwenyewe bila mkalimani. Kwa askari yana maana nyingine ya ziada. Kosa lake mara nyingi ni kosa la maneno: aliambiwa nini, alijibu nini, alikusudia nini. Maneno hayo yakiandikwa kama yalivyotamkwa, wakili wake ataweza kuyasimamisha mbele ya jaji na kuyauliza.

Kuhusu kesi zilizokwisha kuandikwa kabla ya hapo, hali ni tofauti. Mrufani anayelalamika kwamba alitafsiriwa vibaya hutakiwa kuonyesha alichosema hasa, na alichosema hasa ndicho kitu pekee ambacho hakikuandikwa. Katika majalada hayo askari wa mfano (4) ameandikwa kuwa hakwenda, na sajini aliyemsikia akisema sijaenda huenda alikwisha staafu na kurudi kwao.